Mtafiti naye ana duara lake



Hapa kwetu Katoro neno utafiti lina maana inayojulikana na kila mtu. Ukisema fulani yuko kwenye utafiti, watu wanaelewa kwamba kuna mahali dalili za dhahabu zimeonekana, na mwenzetu amechukua sululu, moko na nyundo, akaenda kuujaribu mwamba. Akipata, tutasikia. Asipopata, atarudi kimya kimya na kutafuta mtaji mwingine. Wiki hii ningependa tuzungumzie utafiti wa namna nyingine, ule wa vyuo vikuu na vituo vya sayansi, na hasa maisha ya mtu aliyeamua kuufanya uwe kazi yake.

Nimelileta jambo hili kwa sababu ya swali la mama mmoja wa Buseresere, muuza dagaa. Binti yake amemaliza shahada ya kwanza na amefaulu vizuri sana. Walimu wake wamemshauri abaki chuoni, asome zaidi, awe mtafiti. Nyumbani kuna wadogo wanne wanaosubiri ada. Mama akaniuliza: "Mwandishi, hebu niambie ukweli. Huko kubaki chuoni ni kazi, au ni kusoma kusikokwisha?"

Swali hili ni zito na halistahili jibu la mkato. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari. Sina shahada ya uzamivu. Nitakayoyasema nimeyakusanya kwa kuwauliza wanaoifanya kazi hiyo na kwa kusoma maandishi yao. Naomba tuende pamoja taratibu.

Nianze na hapa nyumbani. Pengine wengi hawajui kwamba jina la Katoro limo katika maandishi ya sayansi yanayosomwa dunia nzima. Mwaka 2003, Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa, UNIDO, liliendesha uchunguzi wa mazingira na afya katika machimbo ya Rwamagasa. Walitaka kujua zebaki imewaathiri kiasi gani wachimbaji wadogo na majirani zao. Sote tunaijua kazi ya zebaki: mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, zebaki hukusanya chembe za dhahabu, kisha donge lile huchomwa ili zebaki iondoke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke ule hauishii hewani. Anayechoma anauvuta, na mtoto anayecheza karibu naye anauvuta.

Wataalamu wakapima damu, mkojo na nywele za watu 180 wa Rwamagasa. Lakini kipimo peke yake hakisemi kitu mpaka pawe na cha kulinganisha nacho. Walihitaji watu wa eneo hili hili la Geita ambao hawaishi katikati ya machimbo. Wakaja Katoro, na watu 31 wa hapa wakakubali kupimwa. Makala ya utafiti huo, iliyoongozwa na daktari Mjerumani Stephan Bose-O'Reilly, ilichapishwa katika jarida la kitaalamu mwaka 2010. Ilieleza kwamba zebaki katika miili ya watu wa Rwamagasa ilikuwa juu kuliko katika miili ya watu wa Katoro, na kwamba waliozidiwa zaidi ni wale wanaochoma. Kati ya wachomaji 104 waliochunguzwa, 25 walionekana kuwa wamedhurika na sumu hiyo.

Ndugu wasikilizaji, watu wale 31 walifanya jambo kubwa. Katoro ndiyo iliyokuwa mizani. Bila wao, hakuna mtu angeweza kusema kwa uhakika kwamba hali ya Rwamagasa si ya kawaida. Hata hivyo, kila ninapolifikiria jambo hilo, swali moja linanijia: ni lini mtoto wa Katoro atakaa upande wa pili wa meza? Ni lini atakuwa yeye anayeuliza swali, anayechukua sampuli na kuandika jibu? Tumetoa nywele na damu. Je, hatuwezi kutoa watafiti?

Tunaweza. Ila lazima tujue njia yenyewe ilivyo, maana asiyejua kina cha duara asishuke bila kamba.

Jambo la kwanza katika kazi hii ni swali. Mchimbaji huanza na dalili, na mtafiti huanza na jambo ambalo halijapatiwa maelezo. Mfano mzuri tunao hapa hapa nchini. Mwaka 1963, kijana aitwaye Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza barafu za maziwa pamoja na wenzake. Yeye aliyaingiza maziwa yake kwenye jokofu yakiwa bado moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoozwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipokwenda kusoma Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na jina lake likageuzwa kuwa mzaha darasani. Siku moja akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki. Mpemba akauliza swali lile lile mbele ya watu, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakatoa makala pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia. Tangu hapo jambo hilo linaitwa duniani kote kwa jina la Mpemba.

Kuna nyongeza ambayo aghalabu husahaulika. Wanasayansi hawajakubaliana juu ya suala hilo mpaka leo. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza waliandika kwamba walipojaribu kwa uangalifu hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji moto hutangulia kuganda. Wengine wanaendelea kupinga. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori na akafanya kazi huko. Kwa hiyo kijana anayefikiri kwamba utafiti ni kupata jibu moja na kupigiwa makofi, ajue mapema kwamba swali zuri linaweza kubaki wazi kwa zaidi ya miaka hamsini, na aliyeliuliza akawa anakula kwa kazi nyingine.

Jambo la pili ni ngazi. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu au minne, kwa udaktari wa binadamu ni zaidi. Mhitimu aliyefaulu sana anaweza kuajiriwa chuoni kama mkufunzi msaidizi. Matangazo mengi ya kazi hizo katika vyuo vya umma yamekuwa yakidai wastani usiopungua 3.8 katika 5. Hapo anafundisha mazoezi na kusahihisha, huku akitafuta shahada ya uzamili. Akiipata anakuwa mhadhiri msaidizi. Kisha inakuja shahada ya uzamivu, ambayo kwenye karatasi ni miaka mitatu au minne, lakini kwa wengi huwa zaidi. Akimaliza ndipo anaitwa mhadhiri, na watu wanaanza kumwita daktari, jambo linalowachanganya jamaa wa kijijini wanaomletea wagonjwa. Baada ya hapo kuna mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na mwisho profesa kamili. Hatua hizi za juu hazipandwi kwa kukaa kazini miaka mingi. Zinapandwa kwa maandishi yaliyochapishwa.

Katika ngazi hiyo kuna mtu mmoja ambaye anaweza kukuvusha au kukukwamisha, naye ni msimamizi. Mwanafunzi wa uzamivu ni kama mchimbaji kijana aliyeshuka na mzee mwenye uzoefu. Mzee akiwa makini, kijana atajifunza kuutambua mwamba. Mzee akiwa hana muda, kijana atapiga nyundo kwenye jiwe tupu miaka miwili bila kuambiwa. Nimeongea na vijana kadhaa waliokwama hapo. Karibu wote walinieleza jambo moja: andiko lilikaa mezani kwa mkubwa miezi mingi bila kusomwa, na wao wakaona haya kuuliza. Ushauri wa wenye uzoefu ni kwamba kabla ya kuchagua chuo, mchunguze msimamizi. Waulize wanafunzi wake wa zamani walimaliza lini, na je, bado wanasalimiana naye.

Jambo la tatu ni ruhusa. Huwezi kuamka asubuhi ukaenda Rwamagasa kukusanya mikojo ya watu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kuchukua nafasi ya baraza la utafiti la mwaka 1968, ndiyo yenye dhamana ya kuratibu utafiti na kutoa vibali. Utafiti unaogusa afya za watu unapitia pia tathmini ya maadili, na hapo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina sauti kubwa. Baada ya hapo barua inashuka mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa kijiji, mpaka mlangoni kwa mwananchi, ambaye naye ana haki ya kukubali au kukataa.

Watafiti vijana hulalamika kwamba safari hiyo ya barua inakula muda wao. Nawaelewa. Lakini tukumbuke ilivyo kwa upande wetu sisi tunaopimwa. Mtu mgeni amekuja na sindano. Ni haki yetu kujua anataka nini, damu itakwenda wapi, na nani atayaona majibu. Mtafiti anayepita kwa mwenyekiti kwa heshima, akakaa, akaeleza kwa Kiswahili au Kisukuma kinachoeleweka, hupata mengi kuliko anayeonyesha mihuri tu.

Jambo la nne, na hili ndilo linalowavunja wengi moyo, ni fedha. Viongozi wa Afrika wamekuwa wakikubaliana kwa miaka mingi kwamba kila nchi itenge walau asilimia moja ya pato lake kwa ajili ya utafiti. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 ziliiweka Tanzania karibu na nusu ya asilimia moja. Pengo lililobaki limezibwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili wa nje, na mwenye fedha ndiye huchagua duara lichimbwe wapi. Mtafiti anaweza kuwa na swali linalowaumiza watu wa Geita, lakini mfadhili akawa anatoa fedha kwa swali jingine. Basi mtafiti anageuza andiko lake lifanane na tangazo la fedha. Hapo si mvivu wala msaliti. Anatafuta mkate na mafuta ya gari.

Aidha, fedha za wageni zina siku zake. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi ya afya na utafiti katika Afrika ikasimama ghafla. Watu waliokuwa na mikataba wakajikuta nyumbani. Kwa upande mwingine, yako mambo ya kutia moyo. Kuanzia mwaka 2021 serikali imekuwa na mradi mkubwa wa elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ambao pamoja na majengo unasomesha wahadhiri. Tangu mwaka 2022 kuna ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Mzazi wa Katoro mwenye mtoto wa aina hiyo asiseme tu kwamba hana uwezo. Aende shuleni akaulize.

Jambo la tano ni kuchapisha. Kazi ya mtafiti haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka itoke katika jarida la kitaalamu. Makala inapelekwa kwa mhariri, mhariri anawapa wataalamu wengine wawili au watatu, ambao kwa kawaida mwandishi haelezwi majina yao. Wao wanaipekua. Wanaweza kuikataa, wanaweza kudai vipimo vipya, wanaweza kuandika maneno makali yanayomkosesha mtu usingizi. Watafiti wakubwa waliniambia kwamba wamekataliwa mara nyingi kuliko walivyokubaliwa. Anayedumu ni yule anayesoma maneno yale makali mara ya pili, baada ya hasira kupoa, akachukua lenye faida na kurekebisha.

Hapa vijana wajihadhari. Yapo majarida ya uongo yanayotuma ujumbe wenye sifa nyingi, yanaahidi kuchapisha kwa wiki moja, yanadai dola mia kadhaa, wala hakuna anayesoma kilichoandikwa. Ni sawa na wale wanaouza kipande cha shaba kilichopakwa rangi kwa wageni wa rashi. Kinang'aa, lakini ukikipeleka sokoni kupimwa utaaibika. Uliza kwanza kwa wakubwa wako na kwa mkutubi wa chuo kabla ya kutoa fedha.

Jambo la sita ni kupishana kwa matokeo, na hapa nitatoa mfano wa Kanda hii ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, watafiti wa NIMR Mwanza pamoja na wenzao wa Ulaya walijaribu jambo moja katika jamii 12 za vijijini. Waliimarisha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya nusu ya jamii hizo, ili waone kama maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yatapungua. Matokeo yaliyotoka mwaka 1995 yaliitikisa dunia: maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40. Miaka minne baadaye, utafiti mwingine wa Rakai, Uganda, ng'ambo kidogo tu ya ziwa letu, ulitoa dawa kwa watu wote kwa pamoja, wawe wagonjwa au la, na haukuona kupungua kwa maambukizi.

Nani alikosea? Wataalamu walibishana miaka mingi, na wengi wakaona kwamba huenda hakuna aliyekosea. Njia za kutibu zilikuwa tofauti, na ugonjwa ulikuwa umefika hatua tofauti katika sehemu zile mbili. Mtu asiye na moyo wa utafiti angeona fedheha kupingwa namna hiyo. Mtafiti wa kweli anaona swali jipya. Na tusisahau kwamba katika majina yaliyo juu ya makala ile ya mwaka 1995 wamo Watanzania, na mmoja wao, John Changalucha, baadaye akawa mkurugenzi wa kituo kile cha Mwanza. Kwa hiyo njia hii imepitwa, tena karibu na hapa.

Sasa nirudi kwenye zebaki, maana kuna mtu mmoja ambaye habari zake zinafundisha kuliko maneno yangu yote. Katika miaka ya 1990, kabla ya uchunguzi ule wa Rwamagasa, watafiti kadhaa walikwisha kuja katika ukanda huu. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa Japani walipima samaki na nywele za watu, na mwaka 1996 wakaeleza kwamba zebaki katika samaki kwa jumla ilikuwa ya kiwango cha chini. Habari hiyo ilikuwa njema kwa walaji wa sato na sangara. Akaja pia daktari Masazumi Harada kutoka Kumamoto, Japani. Yeye na wenzake walipima nywele za watu 272: wachimbaji 150, wavuvi na familia zao 103, na wakazi 19 wa mjini Mwanza. Wakakuta jambo ambalo hawakulitazamia. Miongoni mwa waliokuwa na zebaki nyingi walikuwamo watu ambao hawajawahi kushika donge la dhahabu. Walipochunguza zaidi, wakagundua kwamba watu hao walikuwa wakitumia sabuni yenye zebaki, zile sabuni za kujichubua. Walikuja kutafuta sumu machimboni, wakaikuta bafuni. Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini, lakini mama anayenunua sabuni isiyo na maandishi ya kueleweka ni vizuri akumbuke habari hii.

Harada huyu alikuwa nani? Ni yule aliyetumia maisha yake kuwashughulikia wagonjwa wa Minamata, mji wa pwani ya Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na ugonjwa ukatangazwa rasmi mwaka 1956. Akiwa bado daktari kijana, alikuta ndugu wawili wenye dalili zinazofanana. Mama yao alimweleza kwamba mkubwa aliugua kwa kula samaki, lakini mdogo alizaliwa hivyo, na hajawahi kula samaki. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba kondo la nyuma huzuia sumu isimfikie mtoto tumboni. Harada akamsikiliza mama, akaendelea kuchunguza, na mwaka 1962 akaeleza kwamba sumu ile ilipita kwa mama mpaka kwa mtoto. Baadaye kitovu ndicho kilichotoa ushahidi. Sisi kitovu cha mtoto tunakizika, lakini Wajapani wana desturi ya kukikausha na kukihifadhi. Vitovu vile vilipopimwa vilikutwa na zebaki.

Mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo ungetegemea apande haraka. Haikuwa hivyo. Harada alisimama upande wa wagonjwa mahakamani na hadharani, na katika Chuo Kikuu cha Kumamoto alibaki profesa mshiriki mpaka alipoondoka mwaka 1999. Alifariki mwaka 2012. Leo wanaolizungumzia suala la zebaki duniani hawamsahau, na sijui ni wangapi wanaokumbuka majina ya waliompita kwa cheo.

Simtaji ili kuwaambia vijana kwamba cheo hakina maana. Cheo kina mshahara, na mshahara unalipa ada za wadogo. Namtaja kwa sababu kazi hii ina wakati ambapo ukweli na cheo vinaachana njia, na ni heri mtu awe amelifikiria jambo hilo kabla hajafika hapo.

Kwa hiyo mama wa Buseresere nitamjibu hivi: mama, ni kazi, na ni kusoma kusikokwisha, vyote viwili kwa pamoja. Binti akipata ajira ya chuo, mshahara unaanza tangu akiwa mkufunzi msaidizi, na masomo mengine anayapata akiwa kazini. Hiyo ni nafuu kubwa, naye anaweza kusaidia kidogo nyumbani. Akikosa ajira hiyo, asijitupe kwenye shahada ya uzamili kwa fedha za kuuza ng'ombe bila kujua atakalolifanya baadaye. Afanye kazi kwanza, hata ya kukusanya takwimu kwenye mradi, aijue ladha yake. Wala asifikiri utafiti uko Dar es Salaam tu. Mwanza kuna NIMR, kuna kituo cha kilimo cha Ukiriguru ambacho mbegu zake za pamba zimelimwa hata huku kwetu, kuna watafiti wa samaki, na kuna chuo cha udaktari cha Bugando. Na sisi wazazi tuache kumhesabia kila mwezi kana kwamba amefungua duka. Mgao wa duara hili unachelewa.

Mwisho nina maneno mawili kwa watafiti wenyewe na kwa viongozi wetu.

Kwa watafiti: rudisheni majibu. Makala zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mchomaji wa Rwamagasa hatayaona maishani mwake. Mkishachukua nywele zetu, mtuletee karatasi moja ya Kiswahili, msimame kwenye mkutano wa kijiji, mseme mmeona nini na tufanye nini. Redio ziko, na milango yake iko wazi. Utafiti ambao aliyepimwa hakuujua matokeo yake ni deni.

Kwa viongozi wa kata na vijiji: anapokuja mtafiti na barua, msiishie kugonga muhuri. Mwandikeni katika daftari jina lake, chuo chake, swali lake, na siku aliyoahidi kuleta matokeo. Siku hiyo ikipita, andikeni barua kwa chuo chake. Mwombeni pia achukue kijana mmoja wa hapa awe msaidizi wake, amfundishe namna ya kuuliza maswali na kuhifadhi sampuli. Na kwa walimu wa Katoro na Buseresere, mtoto akiuliza swali ambalo hamlijui, mwambieni mtalijaribu pamoja. Ndoo mbili za maji na jokofu la dukani vinatosha kuanzia.